Redio ya Ridhaa: Anunue Nini Mwenye Fedha Kidogo?

Tangu Chama chetu cha Sayansi kitangaze kwamba kina fedha za kununulia vyombo vya redio, wenzangu wengi wamenijia na swali lile lile: tununue nini? Fedha zenyewe ni shilingi 600,000, nazo zilipatikana kwa kuuza sungura na kabichi muda wa mihula mitatu. Wako wanaotaka tuzidi kuziweka mpaka zitoshe kununua chombo kikubwa cha wati 100 chenye kioo cha rangi, kama wanavyoviona katika picha. Mimi siafikiani nao. Kwa kuwa namaliza masomo mwaka huu, na kazi hii nitawaachia wadogo zangu, nimeona yafaa niandike sababu zangu kabla kura haijapigwa.

Kwanza tuelewane neno lenyewe. Redio ya ridhaa si ile ya kutangaza habari na muziki. Ni elimu na mchezo wa watu binafsi wanaosemezana hewani pasipo malipo, mtu na mtu, kutoka nchi moja hata nyingine, kwa mitambo ambayo wengine wameiunda kwa mikono yao. Serikali za ulimwengu zimepatana kuwatengea sehemu zao katika masafa. Kwetu Afrika sehemu zinazosikilizwa sana ni megahezi 7.000 hadi 7.200, kisha 14.000 hadi 14.350, na 21.000 hadi 21.450. Kila mwenye leseni hupewa jina la hewani lenye herufi na tarakimu, na mwanzo wa jina hilo ndio unaoonyesha nchi yake. Jina la Uganda huanza na 5X, la Kenya na 5Z, la Tanzania na 5H, la Rwanda na 9X, la Burundi na 9U, la Kongo na 9Q, na la Sudan Kusini na Z8. Wazee wetu waliosikiliza kabla ya mwaka 1962 waliijua Uganda kwa VQ5.

Kurusha sauti bila leseni ni kosa la sheria, na hapa Uganda leseni hutolewa na Tume ya Mawasiliano. Chama chetu hakina leseni bado. Basi kwa sasa sisi ni wasikilizaji, na sioni aibu yoyote katika neno hilo. Asiyejua kusikiliza atarusha nini? Atapiga kelele juu ya maneno ya wengine tu.

Sasa nije kwenye vyombo. Kipokezi ndicho kitu cha kwanza, na hapa pana jambo moja linalopita mengine yote. Stesheni ya kutangaza hurusha wimbi mchukuzi pamoja na sauti iliyopakiwa juu yake, kama mzigo juu ya punda. Watu wa redio ya ridhaa, ili waokoe nguvu na nafasi, humwondoa punda na kurusha upande mmoja tu wa mzigo. Redio ya kawaida ikipokea sauti ya namna hiyo hutoa mlio kama wa bata wanaogombana, wala hutaambua neno. Kipokezi kinachofaa ni chenye mtambo mdogo ndani wa kumtengeneza tena yule mchukuzi, nacho huandikwa herufi SSB. Mtambo huo huo ndio utakaokuwezesha kusikia alama za Mosi kwa mlio safi wa filimbi.

Jihadharini, maana vipokezi hufanana sana kwa sura. Kampuni ya Tecsun ya China, kwa mfano, hutengeneza PL-310ET isiyo na SSB, na PL-330 iliyo nayo, na zote mbili ni vyombo vidogo vya kushikwa mkononi. Mwenye duka mmoja aliniapia kwamba redio yake ya “bendi 12” ilikuwa ikisikia dunia nzima, watu wa ridhaa na wengineo. Nilimwomba tuijaribu nje ya mlango. Jaribio ni jepesi, na kila mmoja wenu aweza kulifanya. Tafuta stesheni yoyote ya kutangaza katika mawimbi mafupi, washa SSB, kisha sogeza masafa kidogo kidogo. Ukisikia filimbi inayopanda na kushuka kadiri usogezavyo, basi SSB ni ya kweli. Redio yake haikuwa hata na kitufe cha kubonyeza. Nilimshukuru, nikaenda zangu.

Tazameni tena jinsi chombo kinavyosogea kutoka masafa hadi masafa. Kikiruka kwa hatua za kilohezi 1 nzima, sauti nyingi zitakuwa kama za mtu aliyefinywa pua, kwa maana hutaweza kusimama pale hasa aliposimama msemaji. Chombo chema chaweza kusogea kwa hatua za hezi 10. Mengine, kama saa, kengele ya asubuhi na rangi ya kioo, ni mapambo.

Kipokezi kama hicho, kwa bei niliyoelezwa Kampala, chazidi nusu ya fedha zetu. Watu wameguna kwa bei hiyo. Lakini sikieni juu ya kitu cha pili, ambacho bei yake ni ndogo na kazi yake ni kubwa kuliko vyote, nacho ni waya.

Naamini kwamba kipokezi cha bei ndogo chenye waya mwema nje ya nyumba kitakishinda kipokezi cha bei kubwa chenye kijiti cha antena ndani ya bweni. Sababu ni mbili. Moja ni kwamba kuta na mabati huzuia mawimbi. Ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni makelele. Taa za LED za bei ndogo, chaja za simu, kompyuta, na vile visanduku vinavyosimamia umeme wa sola, vyote hutoa mawimbi yao wenyewe yanayofunika sauti dhaifu. Msiniamini mimi. Chukueni redio yoyote ya mawimbi mafupi, mkae nayo usiku katika maktaba, kisha mtembee nayo polepole mpaka nyuma ya shamba la kabichi. Mtasikia ule mvumo unavyopungua hatua kwa hatua. Ukiwa hapo nyuma ya shamba umepata kitu ambacho mjini fedha nyingi hazikinunui, yaani ukimya. Shule iliyo mbali na mji ina mali hiyo bila kujua.

Waya wenyewe ni wa mikono miwili iliyo sawa, ukikatwa katikati na kuunganishwa na kebo inayoshuka kwenye chombo. Urefu wake hupatikana kwa kugawanya 143 kwa megahezi unazozitaka, na jibu ni meta. Kwa megahezi 7.1 jibu ni meta 20 na kitu kidogo, kwa hiyo kila mkono ni meta 10 na sentimita 7. Kwa megahezi 14.2 kila mkono ni meta 5 na sentimita 3. Mimi nachagua ule mrefu, kwa sababu waya wa megahezi 7 hufanya kazi vema pia kwenye megahezi 21, ambako nusu-wimbi tatu hukaa ndani ya urefu ule ule. Waya mmoja, sehemu mbili. Hata katika megahezi 14 utasikia, ijapokuwa si kwa ukamilifu. Waya wa shaba wa umeme wa nyumbani wafaa kabisa, hata ukiwa na mpira wake. Uinuliwe juu kadiri miti inavyoruhusu, na meta 10 si mbaya.

Kwa kebo, wataalamu watawatajia zile za omu 50 ambazo bei yake hukatisha tamaa. Kebo ya dishi la televisheni ni ya omu 75, na katikati ya waya wa mikono miwili ulioinuliwa sawasawa pana omu zisizo mbali na hizo. Inafaa, tena inapatikana katika kila mji. Taabu yake ni kwamba nyuzi zake za nje aghalabu ni za aluminiamu, ambayo haishiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo itawapasa kutumia vibano vya skrubu. Kisha zibeni kiungo kwa gundi na utepe wa mpira wa baiskeli, mkikaza sana. Maji yakiingia ndani ya kebo, yameiua.

Nionye jambo dogo hapa. Kipokezi cha mkononi kikifungwa waya mrefu huweza kulemewa na stesheni kubwa za kutangaza, hata zikasikika mahali zisipokuwapo. Hilo si ugonjwa wa chombo. Vingi vina swichi ya kupunguza nguvu ya antena, nayo ndiyo dawa.

Juu ya radi siwezi kupita haraka. Nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, pamoja na mashariki ya Kongo, ni miongoni mwa mahali panapopigwa na radi zaidi katika ulimwengu. Mwezi wa Juni mwaka 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, katika wilaya ya Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Hawakuwa na antena yoyote. Walikuwa darasani tu. Basi sisi tutakaotundika waya mrefu juu ya miti hatuna ruhusa ya kufanya mzaha. Kebo isiingie bwenini wala darasani kamwe. Iishie katika kibanda cha vyombo, na kabla ya kuingia ipite kwenye kiungo cha nje kilichofungwa kwa waya mnene kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Kila tunapomaliza kusikiliza tuichomoe na kuiacha nje. Tuichomoe pia mawingu yanapoanza kukusanyika, maana mvua ikishanyesha umechelewa. Mkono uliokwenda kuchomoa kebo katika ngurumo ndio ulio hatarini. Chuma hicho cha ardhini hakiizuii radi. Hupunguza madhara tu. Na waya usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, hata zikionekana mbali, kwa sababu tawi huvunjika. Fedha za chuma na waya huo ziondolewe kwanza katika zile 600,000, kabla ya kipokezi. Hili nitalisimamia katika mkutano hata nikibaki peke yangu.

Sasa nije kwa wale wapenzi wa wati 100. Chombo kama hicho ni bei ya ng'ombe mmoja au wawili, nacho hakisemi peke yake. Mtu anapozungumza, hula ampea kama 20 kwa volti 13.8. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 haitakiweza, na umeme wetu wa shule mwaujua wenyewe. Kwa hiyo mwenye kununua chombo hicho amenunua na betri kubwa, na sola ya kuijaza, na nyaya nene. Je, malipo yake ni nini? Katika kipimo cha nguvu kilicho mbele ya vipokezi, kuongeza alama moja kwahitaji nguvu mara nne, na alama mbili mara 16. Ukitoka wati 10 hadi 100 umeongeza mara 10 tu. Yaani kwa ng'ombe wote hao, msikilizaji wako wa mbali ataona sindano yake ikipanda kwa alama zisizofika mbili. Ukiuinua waya wako kutoka meta 3 hadi meta 10, aghalabu utapata faida kubwa kuliko hiyo kwa njia ya mbali, na gharama yake ni kamba.

Siku chama kitakapopata leseni, ushauri wangu ni kuunda wenyewe. Bwana Ashhar Farhan wa India, anayejulikana hewani kwa VU2ESE, alibuni chombo cha sauti kiitwacho BITX kwa kusudi hasa kwamba mtu wa kawaida aweze kukiunda kwa vipande vinavyopatikana kwa urahisi. Hutoa wati chache, si zaidi ya 10 hivi. Bwana Hans Summers, G0UPL, ametengeneza vifurushi vya vipande vya chombo cha Mosi kiitwacho QCX, cha wati kama 5. Tangu mkutano wa kimataifa wa mwaka 2003 serikali hazilazimiki tena kudai Mosi kwa mwenye kutaka leseni ya masafa ya chini, na wengine wanadhani basi Mosi imekufa. Haijafa. Mlio wa Mosi hukaa katika nafasi nyembamba sana hewani, kwa hiyo hupenya kwenye makelele ambamo sauti ya mtu ingezama, na wati 5 zaweza kuvuka bahari. Chombo cha namna hiyo hula chini ya ampea mbili kinaporusha. Betri ya pikipiki yatosha.

Wako pia waliovutwa na zile redio mbili mbili za mkononi zinazouzwa kwa bei ya kuku wachache. Mimi sizipendi kwa chama chetu. Masafa yake, kama megahezi 145, huenda kwa mstari ulionyooka. Katika tambarare yenye miti na nyumba watu wawili hawasikilizani mbali kuliko kilometa chache, na mwenye kuibonyeza bila leseni amekwisha kuvunja sheria. Lakini tazameni ajabu: wanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilichoko kilometa kama 400 juu, wanapozungumza na wanafunzi wa shule, sauti yao hushuka kwa megahezi 145.800, na redio ndogo kama hizo huisikia wazi kwa muda wa dakika kama 10 kinapopita. Nguvu yao si kubwa. Ni kwamba hakuna mlima kati yenu.

Na hilo lanileta kwenye kitu ambacho natamani kuliko vyote tukinunue na chenji itakayobaki. Novemba 2018 nchi ya Qatar ilirusha satelaiti yake Es'hail-2, na ndani yake mliwekwa mitambo kwa ajili ya watu wa redio ya ridhaa, ikapewa jina QO-100. Februari 2019 ikafunguliwa kwao. Satelaiti hii hukaa juu ya mstari wa ikweta kwenye nyuzi 26 za mashariki, urefu wa kilometa kama 35,800, nayo huzunguka pamoja na dunia hata ikaonekana kama imesimama. Fungueni atlasi mtazame ni wapi hapo. Ni Kongo, karibu na mji wa Kisangani! Watu wa Ulaya huelekeza madishi yao kusini, wengine chini chini juu ya mapaa ya jirani, ili waisikie. Sisi huku tunaelekeza dishi karibu wima, likiinama kidogo tu upande wa magharibi. Hakuna mti wala kilima kinachotuzuia. Tabu yetu itakuwa maji ya mvua kutuama ndani ya dishi, na hiyo dawa yake ni tundu dogo chini.

Sauti zake hushuka katika megahezi 10,489.5 hadi 10,490, masafa ya juu mno kwa kipokezi chetu. Lakini kile kichwa cha dishi la televisheni hutoa 9,750 kati ya hizo, na kebo ikashusha 739.5 hadi 740. Hizo husomwa na kijiti kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, kiitwacho RTL-SDR. Kichwa kiwe cha namna ya PLL, kisichoyumba kwa joto, na hupewa umeme wa volti kama 12 kupitia kisanduku kidogo kwenye kebo. Dishi lenyewe lipo. Limelala nyuma ya karakana tangu nije shuleni hapa, na Bruda amesema hana kazi nalo. Kompyuta moja ya maabara yatosha. Kijiti hicho hicho kitatusikilizisha pia wale wanaanga wa megahezi 145.800, bila kununua redio ya mkononi.

Juu ya saa za kusikiliza, ambazo pia ni vyombo kwa namna yake: megahezi 7 mchana ni za majirani, kilometa mia kadhaa, na usiku hufunguka mbali, ingawa ngurumo za radi za ikweta hukwaruza sana. Megahezi 14 na 21 ni safi zaidi, na mimi hupenda kuanzia saa kumi alasiri mpaka jua linapokuchwa.

Kura ni Ijumaa baada ya masomo, katika maabara ya Fizikia. Waya nimekwisha upima na kuukata, meta 10 na sentimita 7 kila mkono, na nimeacha sentimita chache za kufungia. Bruda ameturuhusu kutumia mikaratusi miwili iliyo nyuma ya shamba la kabichi, mbali na nyaya za umeme. Anayejua kurusha jiwe lenye uzi juu ya tawi aje Jumamosi saa tatu asubuhi, na aliye na mpira mzee wa baiskeli aulete.